Mwaka wa Sarafu Si Mwaka wa Safari

Ukitoka katikati ya jiji la Nakuru kwa barabara ya Nairobi, mwendo wa kilomita nne hivi, utafika Hyrax Hill, kilima cha mawe kilichopewa jina la pimbi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938, na mwaka 1943 kilima kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Makumbusho yenyewe ni nyumba iliyokuwa ya mlowezi. Nje yake kuna makaburi ya wafugaji wa kale, kuna mashimo ya Wasirikwa walimolaza ng'ombe wao, na kuna bao lililochongwa kwenye mwamba. Pamoja na hayo husimuliwa habari ya sarafu sita za Kihindi zilizopatikana kilimani. Moja inatajwa kuwa na umri wa miaka 500 hivi. Mbili ni za mwaka 1918 na 1919.

Nimewasikia watu wengi wakizizungumzia sarafu hizo, na karibu wote hukimbilia ile moja kongwe. Mwalimu huwaambia wanafunzi kwamba Wahindi walifika Nakuru kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Kijana huwaringia wenzake kwamba mji wetu ulikuwa kituo cha biashara ya dunia zama za masultani. Msafiri huondoka ameridhika kwamba Bonde la Ufa nalo lilikuwemo katika biashara kuu ya Bahari ya Hindi. Zile mbili changa hazitajwi, au hutajwa kwa kuchekwa kama takataka zilizodondoka juzi.

Rai hii imeenea na inapendwa, na naelewa kwa nini inapendwa. Lakini ni potofu, na upotofu wake una madhara. Inaisoma sarafu vibaya. Inawanyima watu wa Bonde la Ufa ushahidi wao wa kweli wa ukale. Na inazifunika sarafu mbili ambazo zina mengi zaidi ya kutuambia kuhusu Nakuru kuliko ile moja.

Tuanze na usomaji. Mwaka au jina la mfalme lililo juu ya sarafu hutuambia, tena si mara zote, ni lini sarafu ilitengenezwa. Halituambii ni lini ilivuka bahari, nani aliibeba, wala ni lini ilidondoka mahali ilipookotwa. Sarafu haiozi kama nguo wala haivunjiki kama chungu. Huweza kukaa kiwandani mwaka mmoja, mfukoni mwa tajiri miaka 10, shingoni mwa mtoto kama hirizi miaka 50, na katika kasha la bibi miaka 200. Kusema kwamba sarafu ya karne ya 15 iliyokutwa Nakuru ilifika Nakuru karne ya 15 ni sawa na kusema kwamba mtu aliyezaliwa Lamu mwaka 1940 na kuzikwa Nakuru aliingia Nakuru mwaka 1940.

Kuna hata sarafu zisizosema kweli juu ya mwaka wa kuzaliwa kwake, na mfano mkubwa wa hizo umepita katika mikono ya watu wetu wenyewe. Katika karne ya 19, Zanzibar na mwambao wote walitumia riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na riale yake imeandikwa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Uarabuni waliizoea mno sura hiyo, wakaikataa nyingine yoyote. Basi viwanda vikaendelea kuigonga vilevile, kwa mwaka uleule wa 1780, kizazi baada ya kizazi. Imegongwa Vienna, imegongwa Roma zama za Mussolini kwa ajili ya vita vya Uhabeshi, imegongwa London, Birmingham na Bombay. Riale iliyotoka kiwandani katika miaka ya 1930 imeandikwa 1780. Mtu akiiokota Naivasha kesho na kutangaza kwamba Austria ilifanya biashara na Wamaasai mwaka 1780, tutamsahihisha papo hapo. Mbona hatumsahihishi anayefanya kosa hilohilo Hyrax Hill?

Mashariki ya mbali tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu ya namna sarafu za huko zilivyotengenezwa. Riale na rupia ziligongwa: kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili na kupigwa. China na Vietnam sarafu zilisubiwa. Fundi alichukua sarafu mama, akaikandamiza katika mchanga laini uliojazwa ndani ya fremu, akaitoa, akaacha alama yake. Alama nyingi ziliunganishwa kwa mfereji, kisha shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa. Ilipopoa, sarafu zilitoka zimeshikana kama matawi ya mti. Zikavunjwa moja moja, zikapangwa kwenye ufito uliopita katika tundu la mraba lililo katikati, zikapigwa tupa kingo zao. Kwa ufundi huu sarafu yoyote nzuri inaweza kuwa mama. Mtu mwenye tanuri, mchanga na sarafu ya zamani anaweza kuzalisha nyingine mia zenye jina la mfalme aliyekufa karne nyingi nyuma.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea. Kati ya mwaka 1659 na 1685, mafundi wa Nagasaki, Japani, walisubu sarafu za kuuza nje, nyingi zikienda Vietnam. Juu yake waliandika jina la enzi ya mfalme wa China wa ukoo wa Song aliyetawala karne ya 11, enzi iliyodumu kuanzia 1078 hadi 1085. Walifanya hivyo kwa sababu wanunuzi waliliamini jina hilo. Anayeisoma sarafu hiyo kwa jina tu atakosea kwa miaka karibu 600, na atakosea nchi pia. Huko Vietnam kwenyewe, sarafu za enzi ya Cảnh Hưng, kuanzia 1740 hadi 1786, zina sura nyingi ajabu, kwa sababu zilitoka katika tanuri nyingi na mikono mingi. Wanaozichunguza hawaishii kusoma jina. Hupima uzito, huchunguza madini, hutazama ukingo, huuliza ni tanuri ipi na kwa amri ya nani. Huo ndio usomaji wa sarafu. Sisi tumesimama kwenye jina na umri tukadhani tumemaliza.

Sasa turudi kilimani tuhesabu. Ukisema sarafu zote sita zilidondoka pamoja, umeshindwa tayari, kwa sababu kundi la sarafu haliwezi kuwa na umri unaozidi ule wa mdogo wao. Mfuko wenye sarafu ya 1919 haukudondoka kabla ya 1919, hata kama ndani yake imo sarafu ya zama za Nabii Suleimani. Ukisema kila moja ilidondoka kwa wakati wake, basi ile kongwe inabaki peke yake, na shahidi wa peke yake asiyejulikana alipita njia gani hawezi kubeba hoja nzito ya safari ya karne tano.

Kosa hili limewahi kufanywa kwa sarafu zetu wenyewe. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za Kilwa, zile za shaba za masultani wetu. Baadaye habari ilipoenea, wapo waliotangaza kwamba Waswahili walifika Australia kabla ya Wazungu. Nami, kama Mswahili yeyote, ningefurahi mno iwe hivyo. Lakini zile nne nyingine zilikuwa za kampuni ya Waholanzi, za karne ya 17 na 18. Furaha yangu haiwezi kuzifuta. Anayetaka kuthibitisha safari ya mabaharia wa Kilwa lazima kwanza aeleze sarafu za Kiholanzi zilifuata nini pale.

Je, sarafu kongwe ya Kihindi ingefikaje Nakuru kwa njia nyepesi? Njia iko wazi, na bado inapita mjini. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya Uganda. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Nyuma ya wajenzi walikuja wenye maduka, mafundi cherehani, waashi na makarani. Na fedha yenyewe ya nchi ilikuwa rupia ya India. Kwa miaka zaidi ya 20, mishahara, kodi na bei za sokoni vilihesabiwa kwa rupia. Mtu aliyetoka Punjab au Gujarat na mkufu wa mama yake, au na kipande cha shaba alichopewa na babu yake kama baraka, angeweza kukipoteza hapa bila kujua. Maelezo haya hayahitaji msafara wa ajabu wala mfalme asiyeandikwa popote. Yanahitaji kituo cha reli tu.

Sasa tuutazame upande wa pili wa dai hilo. Wanaoshikilia safari ya karne ya 15 waeleze mfanyabiashara angeibeba sarafu kuja huku kwa faida gani. Hata karne ya 19, misafara ya Waswahili ilipopita Naivasha kwenda Baringo, njia aliyopita Joseph Thomson mwaka 1883 akiwa na wapagazi wa pwani, mizigo ilikuwa shanga, nguo na masango ya nyaya. Wenye pembe na wenye chakula walitaka vitu hivyo, na walijua kabisa ni shanga ya rangi gani inapendwa mwaka huo. Sarafu isingemnunulia mpagazi hata kibaba cha mtama. Sarafu hupenda mahali penye mtu wa kuipokea, na katika Bonde la Ufa mpokeaji huyo alikuja na serikali ya kikoloni, tena kwa nguvu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa ninawanyang'anya watu wa Bonde la Ufa fahari yao, na kwamba nawaunga mkono waliosema bara la Afrika lililala hadi Mzungu alipoliamsha. Nalipokea shitaka hili kwa uzito wake, maana lau lingekuwa kweli ningeifuta makala hii. Lakini tazameni nani anayedharau. Ni yule anayesema Nakuru haina ukale mpaka aletewe sarafu kutoka India ya kuithibitisha, au ni yule anayesema ukale wa Nakuru upo kwenye udongo wake?

Nenda Eburru, juu ya Naivasha. Kuna mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yaliyotokana na volkano, ambayo wataalamu huyaita obsidiani. Ukilivunja jiwe moja, ukingo wake unakata kuliko wembe. Kila mlima una mchanganyiko wake wa madini, kwa hiyo kipande kikipatikana mbali, maabara inaweza kusema kilitoka mlima upi. Kwa njia hiyo tunajua kwamba wafugaji wa kale wa eneo hili, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walitumia obsidiani ya Eburru na Naivasha, na kwamba jiwe hilo lilisafiri hadi upande wa Ziwa Victoria na kaskazini mwa Tanzania. Hiyo ni biashara. Ina malighafi ya hapa, mafundi wa hapa na njia zilizokanyagwa na watu wa hapa. Haimhitaji shahidi kutoka ng'ambo. Mwacha asili ni mtumwa, na sisi tumeuacha ushahidi uliojaa chini ya miguu yetu tukaenda kupigia magoti sarafu moja ya mgeni.

Wala sisemi kwamba sarafu ya kigeni haiwezi kamwe kuthibitisha safari ya kale. Huko Mambrui, karibu na Malindi, wachimbaji wa Kenya na China walipata mwaka 2010 sarafu ya enzi ya Yongle, ya mwanzoni mwa karne ya 15, na nyingine ikapatikana kisiwani Manda mwaka 2013. Hoja ya huko ina nguvu kwa sababu sarafu haisimami peke yake. Ipo miji ya mawe, upo ufinyanzi wa China uliozagaa tabaka kwa tabaka, zipo bandari, na zipo kumbukumbu za safari za Zheng He, nahodha wa China. Katika miji ya kale ya Shanga na Kilwa palikuwa na sarafu zilizotengenezwa papo hapo, kwa majina ya watawala wa papo hapo. Ushahidi wa aina hiyo naupokea kwa mikono miwili. Kinachokosekana Hyrax Hill ni wale mashahidi wengine.

Lakini sababu kubwa ya kuandika ni zile sarafu mbili zinazochekwa. Itazame miaka yake: 1918 na 1919. Wazee wetu wasingecheka.

Miaka hiyo fedha ilikuwa adimu duniani kwa ajili ya vita. India ilihitaji rupia nyingi mno, na fedha ya kuzigonga haikutosha. Mwezi Aprili 1918, Marekani ilipitisha sheria ya Pittman, ikayeyusha dola zake za fedha zaidi ya milioni 250 na kuiuzia Uingereza kwa ajili ya India. Bei ya fedha ikapanda, na rupia ikapanda nayo. Kabla ya hapo, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Mwaka 1920, London iliamua kwamba katika Afrika Mashariki rupia moja iwe shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi wa Njoro aliyekopa benki rupia 15,000 alikuwa amekopa pauni 1,000. Sasa alidaiwa pauni 1,500, na mahindi yake yaliuzwa kwa pauni.

Mzigo huo ulipaswa kubebwa na mtu, na aliyebebeshwa anajulikana. Mwaka 1918, mwaka wa sarafu ya kwanza, ilipitishwa sheria iliyomlazimu skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi, kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Mwaka 1919, mwaka wa sarafu ya pili, Gavana Northey alitoa waraka wa kuwahimiza maafisa na machifu wasukume watu kwenda kazini mashambani. Mwaka huohuo Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa, ikiketi London. Kipande, hati ya utambulisho wa mfanyakazi, kikaanza kuvaliwa shingoni. Rupia ikaondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Mwaka 1921 walowezi walikata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wakasema hawajamdhulumu mtu: aliyelipwa rupia 6 alikuwa akipata shilingi 8 kwa kiwango cha zamani, rupia ilipopanda akapata 12, sasa anarudishwa kwenye 8 zake. Lakini kodi ya kibanda haikurudishwa. Ilikuwa rupia 8, ikageuzwa kuwa shilingi 16, kwa kiwango kipya. Mshahara ulihesabiwa kwa kiwango cha zamani na kodi kwa kiwango kipya, na mtu aliyelipwa na aliyelipishwa alikuwa mmoja. Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika, alisimama kuyasema hayo, akakamatwa mwezi Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mwaka huohuo kodi ikapunguzwa hadi shilingi 12.

Hata sarafu yenyewe ilikuwa imepungua tumbo. Rupia ilikuwa na fedha safi kwa sehemu 917 kati ya 1,000. Florini ya 1920 ilikuwa na nusu. Shilingi ya 1921 ilikuwa na robo tu. Shilingi mbili zilizochukua nafasi ya rupia moja zilikuwa na fedha safi gramu nne pungufu kidogo, ilhali rupia ilikuwa na zaidi ya gramu 10. Aliyefukia rupia zake chini ya kitanda alikuwa amefukia fedha. Aliyepewa shilingi alipewa ahadi ya serikali.

Hayo yote yamo katika sarafu mbili zilizopatikana kwenye kilima kinachoitazama Nakuru, mji uliokuwa moyo wa mashamba ya walowezi. Aliyezipoteza huenda alizilipwa, au huenda alikuwa anakwenda kuzilipa. Mlango wa historia yetu ya kazi, kodi na ardhi uko wazi pale, na tunaupita tukiulizia masultani wa India.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mwalimu atakayewapandisha wanafunzi Hyrax Hill muhula huu. Waonyeshe kwanza mashimo ya Wasirikwa, na uwape kipande cha obsidiani wakishike. Kisha mtakapofika kwenye habari ya sarafu, waambie kwamba moja ni kongwe na haijulikani ilifikaje, na usiongeze neno. Halafu waulize: babu wa babu yako alikuwa wapi mwaka 1919, alilipwa rupia ngapi, na alidaiwa kodi ngapi? Wapo watakaorudi nyumbani wakiwa na swali hilo, na bado wapo wazee wachache waliolisikia jibu kwa baba zao.